Farasi Mzoefu ni Mwalimu

Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, mjini Vienna, Austria, mwanafunzi mpya hakabidhiwi farasi mchanga. Hupewa apande farasi dume mzoefu wa aina ya Lipizzaner, anayezunguka kwa kamba ndefu iliyo mkononi mwa mwalimu. Hashiki hatamu wala hakanyagi vikuku. Hujifunza kukaa wima, mabega yamelegea, nyonga zikifuata mwendo wa mgongo wa farasi. Mnyama aliyekomaa humvumilia mpaka mwili upate mizani. Miaka ikipita, mpandaji huyo naye huwafundisha farasi wachanga.

Msikilizaji, ukipangiwa leo kufanya kazi na mzoefu, usione haya kujifunza. Tulia, mfuate, jirekebishe. Yupo mchanga atakayekuhitaji kesho.