Haki ya Mzazi Kuuliza

Ndugu zetu Waislamu, Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (S.A.W.) kutaka ilimu, naye Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi, Sura ya Abasa ikateremka kwa ajili ya kipofu yule, na baadaye akawa akiadhini Madina pamoja na Bilali. Vipi basi sisi tumwache nyuma ya darasa mtoto asiyeshika herufi upesi?

Twasema khasa na jamaa zetu waliohamia Thika na Ruiru kwa kazi. Hapo Thika pana skuli ya vipofu tangu 1946, na ile ya Joytown ya wenye ulemavu wa viungo. Lakini mtoto mwenye macho na viungo vizima, ambaye kusoma kunamshinda, udhuru wake hauonekani. Huitwa mvivu (na hiyo ni dhulma). Vituo vya serikali vya kuwapima watoto kama hao vilianza Kenya mwaka 1984, na wazazi wangapi hawajavisikia?

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 yataka ajibiwe ndani ya siku 21. Huandika kwa Kiswahili akipenda, halipi ada ya kuomba, wala halazimiki kutaja sababu. Asiyejua kuandika, afisa humsaidia. Basi mwendee mwalimu mkuu wa skuli ya serikali kwa adabu, na barua mkononi, umuulize: mwanangu amepimwa? Na nani? Atasaidiwa vipi darasani?