Zawadi ya Kadi ya Mkopo: Nani Anailipia?



Vijana wengi tunaosali Kiswahili huku Marekani tuna swali moja tunaloulizana nje ya kanisa Misa ikiisha: "Wewe unatumia kadi gani?" Maana yake, kadi gani ya mkopo inarudisha pesa nyingi, au inatoa pointi za kutosha kukata tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi. Ni swali zuri na nitalijibu. Ila kuna swali la pili ambalo sijalisikia hata mara moja pale nje, na ndilo linaloninyima raha: hiyo zawadi inatoka mfukoni mwa nani?

Nianze na la kwanza, maana bila kuzijua hesabu zake huwezi hata kulifikia la pili.

Tuliokulia kwenye M-Pesa tumezoea kutumia hela iliyopo. Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Ukiigusisha kwenye mashine, benki inamlipa mwenye duka kwa niaba yako, na wewe unabaki unadaiwa. Kila mwezi inakuja bili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inataka bili itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe hiyo, hulipi riba ya manunuzi yako hata senti. Ukilipa pungufu, riba inaanza, na kwa kawaida hata vitu vipya unavyonunua vinaanza kuzaa riba siku ileile. Hapo ndipo wengi wanaponaswa: wanadhani riba ni ya lile deni lililobaki tu.

Tufanye hesabu. Umenunua vitu vya dola 1,000 kwa kadi inayorudisha asilimia 1.5. Zawadi yako ni dola 15. Riba ya kadi siku hizi kwa wastani imevuka asilimia 20 kwa mwaka. Tuchukue 24 ili iwe nyepesi, yaani 2 kwa mwezi. Deni hilo likilala mwezi mmoja tu, unalipa dola 20. Zawadi imeshaliwa na benki inakudai. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwahi kuona kadi yenye pointi.

Kwenye bili utaona "kiasi cha chini" unachoweza kulipa. Kinavutia, kwa sababu ni kidogo. Sheria ileile ya 2009 inawalazimisha waandike pembeni itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa hicho kidogo tu. Soma pale. Miaka, jamani. Kwa dola ulizotumia kununua viatu.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa huku zaidi ya wengine, nalo ni kutuma hela nyumbani. Msiba umetokea, simu inaita usiku, akaunti haina kitu, kadi ya mkopo ipo. Benki nyingi huhesabu muamala huo kama umetoa fedha taslimu kwa mkopo: unakatwa ada, riba inaanza siku hiyohiyo bila kusubiri bili, na pointi hupati. Kwa kutuma hela tumia kadi ya akaunti yako ya kawaida. Kama hakuna kitu, sema hakuna. Ndugu wataelewa, au watanuna kidogo halafu wataelewa.

Sasa kuchagua. Kadi zenye zawadi kubwa mara nyingi zina ada ya mwaka. Chukua kadi isiyo na ada inayorudisha asilimia 1.5, uilinganishe na ile ya ada ya dola 95 inayorudisha asilimia 3 kwenye chakula. Tofauti yao ni 1.5. Ili tofauti hiyo ifikie dola 95 inabidi ununue chakula cha dola 6,333 kwa mwaka, karibu dola 528 kila mwezi. Kijana anayepanga nyumba na wenzake wawili na kupika ugali na maharage hafiki huko. Akifika, basi amehamia kula mgahawani ili kadi imlipe, na hapo sijui nani anamtumikia mwenzake. Kuhusu pointi za ndege nasema kwa kifupi: kama husafiri, ni mapambo.

Na hata anayelipa deni lote kila mwezi asijione amepona. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walitoa matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei zaidi ya mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu, kwa tiketi zilezile. Noti inauma ikitoka mkononi. Kadi haiumi. Anayekurudishia asilimia 1.5 anajua hilo kuliko wewe.

Kama utachukua ushauri wangu mmoja tu wa kuchagua, basi anzia kwenye chama cha ushirika cha kuweka na kukopa, ndugu wa zile SACCOS za nyumbani. Vile vya shirikisho vina kikomo cha riba, asilimia 18 kwa mwaka. Na hapa nijivune kidogo: chama cha kwanza cha aina hiyo Marekani kilianza mwaka 1908 katika parokia ya Mtakatifu Maria, mjini Manchester, New Hampshire, kwa ajili ya Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa waliotoka Kanada kufanya kazi viwandani. Paroko wao aliona waumini wake hawana pa kuweka akiba wala pa kukopa kwa haki, akamwita Alphonse Desjardins kutoka Quebec aje awaelekeze. Haya si mapya kwetu. Mwaka 1462 huko Perugia, Italia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani ili wasiingie mikononi mwa wala riba, na mwaka 1515 Mtaguso wa tano wa Laterano ukaikubali mifuko ya namna hiyo. Kanisa lilihubiri dhidi ya riba, ndiyo, lakini pia lilifungua dirisha la mkopo.

Haya, tuje kwenye swali la pili.

Benki haikupi zawadi kutoka kwenye wema wake. Hela inatoka sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni ada anayokatwa mwenye duka kila unapogusisha kadi, mara nyingi karibu asilimia 2 au zaidi. Ya pili ni riba na faini za wanaoshindwa kulipa kwa wakati. Unataka ushahidi kwamba ile ada ndiyo inayoilisha zawadi? Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliwekea ada ambazo benki hutozana kwa kadi za mkopo kikomo cha asilimia 0.3. Zawadi za kadi kule ni kiduchu ukilinganisha na za huku.

Mwenye duka naye anakula wapi? Anapandisha bei. Na bei ni moja kwa wote. Kuna vituo vya mafuta vinavyobandika bei mbili, ya taslimu na ya kadi, lakini kwenye supamaketi anayelipa noti na anayelipa kwa kadi ya dhahabu wanalipa sawasawa, isipokuwa mmoja anarudishiwa kitu jioni. Mwaka 2010 wachumi watatu wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walijaribu kupima jambo hili. Walikadiria kwamba familia inayolipa taslimu inawachangia wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na familia yenye kadi inapokea dola 1,133. Wakizigawa familia kwa kipato, wenye kipato cha chini kabisa wanatoa dola 21 kwa mwaka na wenye kipato cha juu kabisa wanapokea dola 750. Utafiti mwingine wa karibuni, aliyemo mtafiti wa IMF, ulitazama upande wa riba na kukadiria dola bilioni 15 zinazohama kila mwaka. Wao walisisitiza kwamba mstari hauwagawi tajiri na maskini tu. Hela inatoka kwa wasioijua kadi inavyofanya kazi, hata wakiwa na mshahara mzuri, na kwenda kwa wanaoijua.

Mimi ninaijua. Ndiyo maana swali hili ni langu.

Kwenye benchi letu kanisani anakaa mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mkongomani, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Huku hana historia yoyote ya mikopo, hivyo hakuna benki ya kumpa kadi nzuri. Ananunua mchele dukani ninaponunua mimi. Yeye analipa noti. Wote tunatoa sadaka Jumapili, na katikati ya juma, bila kujuana, senti zake zinaingia kwenye pointi zangu.

Nilimweleza kaka mmoja mhasibu, akacheka. "Dada, wewe ukiacha hiyo kadi, yule mama anapata nini? Hapati kitu. Benki inabaki nayo." Sina jibu la kumshinda. Ni kweli kabisa. Nikiitupa kadi yangu kesho, bei ya mchele haishuki.

Nikaenda kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye aliwahi kuulizwa jambo la jirani na hili. Katika Summa anajiuliza kama ni halali kukopa kwa mla riba. Anajibu kwamba kumshawishi mtu akopeshe kwa riba si halali kamwe, lakini kukopa kwa ambaye tayari ndiyo kazi yake, kwa ajili ya jambo jema kama kujiokoa na shida, si dhambi, kwa kuwa unaitumia dhambi ya mwingine bila kuikubali. Kaka mhasibu angefurahi. Ila mimi naona tofauti moja: mtu wa Thomas ndiye anayeumizwa na riba ile. Mimi wa pointi siumizwi, napokea. Ruhusa aliyopewa mwenye shida siwezi kuivaa tu kama yangu.

Pia tusiseme zaidi ya Kanisa. Papa Benedikto wa 14, katika waraka Vix Pervenit wa mwaka 1745, alilaani faida inayodaiwa kwa sababu tu umekopesha, lakini alikiri kwamba zipo sababu nyingine halali za kudai nyongeza, nje ya mkopo wenyewe. Sisemi kuwa na kadi ya zawadi ni dhambi. Sioni hivyo, na ukienda kuungama kwamba una pointi, padre atakushangaa. Ninachosema ni kwamba siwezi kuiita hela hiyo jasho langu wala bahati yangu, maana najua ilikopita. Kitu unachojua kilikopita kinakuwa na mwenyewe, hata kama sheria haimtaji.

Kwa hiyo nafanya hivi, na sisemi ndiyo njia pekee. Kwenye maduka madogo ya wahamiaji wenzetu, kwa yule Msomali wa nyama na yule mama wa vitambaa, nalipa noti, ile asilimia ibaki kwake. Pesa inayorudishwa siiachi ichanganyike na matumizi yangu. Kila mwaka naitoa yote inakwenda kwenye mfuko wa jumuiya wa wageni wapya. Kaka mhasibu anasema hiyo ni tone baharini. Ni kweli pia.

Lakini kuna kitu ambacho naona kina uzito kuliko hizo dola. Papa Benedikto wa 16, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, aliandika kwamba wanyonge wafundishwe kujikinga na wala riba. Wafundishwe. Kama hela inahama kutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua, basi ninachodaiwa kwanza ni kile ninachokijua. Huko nyumbani mnaiita mikopo ya kausha damu, na mnajua wanaokaushwa ni akina nani: ambao hakuna aliyekaa nao mezani wakasoma mkataba pamoja. Huku jina ni zuri zaidi na kadi inang'aa, ila meza ileile inahitajika.

Yule mama wa Nyarugusu sasa ana kadi ya dhamana. Unaweka dola 200 zako kwenye chama cha ushirika, wanakupa kadi yenye kikomo hichohicho, unanunua vocha na mkate, unalipa yote kila mwezi, na taratibu unajijengea jina. Haina pointi. Tulimsindikiza wawili, tukatafsiri, saa mbili zikaisha. Wiki iliyofuata akaleta jirani yake.

Tumeanza kukaa Jumapili ya pili ya kila mwezi, baada ya Misa, kwenye ukumbi wa chini. Chai ipo, maandazi mkileta. Njoo na bili yako, hata ile ambayo hujaifungua tangu ifike. Jina na namba ya kadi vizibe kwa karatasi, tuone tarakimu tu.