Moyo Hufunzwa Kupiga

Somo: 1 Wakorintho 12:12–26



Mtu akipatwa na shambulio la moyo, damu huzuiwa isifike kwenye sehemu ya msuli wa moyo, na chembe za sehemu ile hufa. Mahali pake hubaki kovu, nalo kovu halipigi. Moyo wa mtu mzima hujipatia chembe mpya chache mno, pungufu ya moja katika mia kwa mwaka. Ndiyo sababu wataalamu hutafuta msaada katika seli shina, yaani chembe changa ambazo hazijashika kazi moja, nazo zaweza kukuzwa zikawa chembe za moyo.

Lakini chembe hizo zikiachwa hivi hivi katika maabara hubaki changa, kama za mtoto aliye tumboni. Basi mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza jinsi walivyozifunza kwa umeme. Mara zilipoanza kupiga, walizishtua kidogo mara mbili kwa sekunde, wakaongeza polepole kwa muda wa wiki mbili hata mara sita. Baada ya wiki nne msuli ule ulifanana kwa mengi na wa mtu mzima. Chembe zilizocheleweshwa kufunzwa hazikufikia hali hiyo.

Ndugu zangu, tuwatazame vijana wetu. Askofu akiisha kuwawekea mikono katika Kipaimara, twawaambia wangoje kwanza wakue. Wengine twawatwika mzigo wa wazee kwa siku moja. Njia zote mbili huharibu. Mpe kijana kazi ndogo leo: asome somo, amtembelee mgonjwa. Mwezi ujao umwongezee.

Liko na fundisho la pili. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, walieleza walivyotia chembe za moyo bilioni moja, zilizotokana na seli shina za binadamu, katika mioyo ya kima iliyoumia. Zilishika, zikajenga msuli mpya. Lakini mapigo ya mioyo ile yalivurugika. Chembe zilikuwa na nguvu, ila zilijipigia kwa mwendo wao. Ndivyo alivyo mwenye karama asiyesikiliza wenzake: huliumiza kanisa kwa nguvu ile ile aliyopewa kulijenga. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa sababu hiyo.

Nanyi mnaougua moyo, tumshukuru Mungu kwa maarifa haya, lakini kazi hii ingali katika majaribio. Msiuze shamba kumlipa anayewaahidi moyo mpya kwa sindano. Mezeni dawa mlizopewa, mrudi kwa daktari siku mliyoambiwa, nasi tutawaombea.

Bwana atufundishe kupiga pamoja. Amina.