Shinyanga kuna nini?

Jumapili iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilikuwa narudi Ngokolo kwa miguu na wajukuu waliokuja kula likizo. Tulitoka Lubaga kuangalia majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Watoto walikuwa vumbi hadi magotini, mifuko imejaa karanga na matobolwa, wanabishana nani kakimbia zaidi juu ya kingo. Gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka. Alikuwa kijana ninayemfahamu tangu anavaa kaptula ya shule, mtoto wa rafiki yangu.

“Shikamoo mama. Gari limekufa? Pandeni niwasogeze.”

“Marahaba mwanangu. Gari zima, tunatembea tu.”

Akawatazama watoto kwa huruma. “Si ungewapeleka Mwanza wakaogelee, mama? Hapa Shinyanga kuna nini?”

Ni kijana mwenye adabu, na alisema kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana maneno yake yamenikaa rohoni wiki nzima. Angekuwa mkorofi ningeshamsahau. Lakini mtu mwema anapoona bibi na wajukuu wakitembea jioni yenye kibaridi kizuri cha Juni, akadhani wamepatwa na shida, basi shida iko kwetu sote. Mjukuu mdogo aliniuliza baadaye: “Bibi, mbona yule baba alituonea huruma?” Nilimjibu kwamba hakujua tulikotoka.

Tuseme ukweli kuhusu matembezi yetu ya siku hizi. Familia inaoga, inavaa, inapanda gari au bajaji hadi kwenye baa yenye bembea. Baba anaagiza mchemsho, mama soda, watoto wanabembea kidogo kisha wanarudi mezani kugombea simu. Giza likiingia, wanapanda tena gari kurudi. Nyumbani walikuwa wamekaa, njiani wamekaa, walikofika wamekaa. Siwalaumu kwa kula nyama, nami naipenda. Ninachouliza ni mwili wa mtoto umepata nini siku nzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alituhimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Vikundi vya jogingi vinavyopita barabarani alfajiri na nyimbo zao navipenda mno. Ila Jumamosi moja kwa mwezi haimlei mtoto.

Wazee wetu wangeshangaa kusikia kwamba kiangazi hakina pa kwenda. Kwa Wasukuma, mvua ikikatika na mavuno yakaingia ghalani, ndipo mbina, yaani ngoma zao, zinapoanza. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, vyama viwili vya ngoma ambavyo masimulizi yanavirudisha kwa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo hata mtazamaji hakai. Anasimama, anasikia kelele za upande wa pili, anakimbilia huko, anarudi. Na huko kuhama kwake ndiko kunakoamua nani kashinda. Katika ngoma ya bugobogobo vijana wanainama na majembe kama wanalima kweli, wanayarusha juu na kuyadaka, ngoma kubwa zikiwapigia mapigo yaleyale waliyokuwa wakilimia shambani. Ukienda Bujora, kule Kisesa, ambako Padri David Clement alianzisha kituo cha utamaduni miaka ya 1950, bado utakuta ngoma za tamasha la bulabo zikichezwa kila Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Watu waliotoka kulima miezi sita walipumzika kwa kucheza. Na kufika huko uwanjani walitembea, kijiji hadi kijiji.

Najua nitakavyojibiwa, hasa na ndugu zangu wa Geita. “Mwanaapolo anayeshinda duarani, anayebeba mifuko ya mawe hadi kwenye karasha, unamwambia akafanye mazoezi? Hizo ni starehe za wenye mishahara.” Hapana. Huyo simwambii kitu, na ningekuwa sina haya kumwambia. Naongea na sisi wengine: karani, mwenye duka la spea, mwalimu, dereva wa bodaboda, mnunuzi wa dhahabu anayeshinda kwenye kiti mbele ya mizani. Tumeazima uchovu wa wachimbaji kuwa kisingizio chetu. Na hata huyo mwanaapolo, mgongo unaoinamia mwamba uleule katika vumbi lilelile kutwa una haki ya kunyooka siku moja kando ya maji. Ghuba ya Nungwe haiko mbali na mji wa Geita. Upepo wa Ziwa Victoria hautozwi kiingilio.

Sisemi watoto wajitose ziwani. Maji ya kina kifupi yenye nyasi yana kichocho, mamba nao wapo, na anayejua ziwa hatanii na hayo. Tembeeni ufukweni, angalieni dagaa wakianikwa, pigeni mpira mchangani.

Mwenye uwezo zaidi, Rubondo hiyo hapo. Ni kisiwa chenye hifadhi ya taifa tangu 1977, kilometa za mraba 456 pamoja na maji yake, ndani ya mkoa jirani wa Geita, na boti zinatoka Nkome na Kasenda. Kuna nzohe kwenye matete, na sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960, wakaachiwa msituni, wakazaliana. Huko mgeni anatembea kwa miguu ndani ya msitu. Watu wanavuka bahari kuja kuutembea msitu huo, na mimi nakutana na watu waliokaa Geita miaka mingi bila kuwahi hata kuuliza nauli. Ni gharama, nakubali, si ya kila Jumapili. Iwe ya mara moja, mtoto aisimulie hadi uzeeni.

Na Shinyanga? Shinyanga ni tambarare, nchi ya baiskeli. Kabla bodaboda hazijatujaa, daladala zetu zilikuwa baiskeli: abiria nyuma kwenye kiti cha sponji, dereva mbele anakanyaga, na mnaongea habari za mjini hadi mnafika. Nyumba nyingi bado zina baiskeli stoo, tairi limekauka, mnyororo umeota kutu. Mpelekee fundi, kisha alfajiri nendeni hadi bwawa la Ning'hwa, lililotunywesha sote kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika. Waonyesheni watoto ngitili. Mkoa huu ulikuwa unageuka jangwa, hadi mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na watu wakarudia desturi yao ya kutenga malisho wakati wa masika yasilishwe. Ombeni ruhusa kwa mwenye eneo, ingieni, tulieni kidogo msikilize ndege. Mtoto aliyeona kichaka kimefufuka anajua kitu ambacho kitabu cha sayansi kinahangaika kumweleza.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ambayo sina jibu jepesi: malori. Barabara ya Mwanza haina huruma kwa mwenda kwa miguu wala kwa baiskeli, na mzazi anayewazuia watoto namwelewa. Mimi napita njia za ndani, natoka kabla jua halijawa kali au baada ya saa kumi. Lakini mji ambao mtu lazima ajifiche kwenye vichochoro ili atembee salama umepangwa kwa ajili ya magari peke yake, na hilo wanaoweza kulirekebisha ni wenye ofisi.

Wenye ofisi hao pia ndio wenye kalamu ya viwanja. Stand United ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi hapa Shinyanga, watu wasio na muda kabisa, wakapata pa kupigia mpira wao hadi Chama la Wana ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014. Leo wangecheza wapi? Geita nako ni hivyohivyo: ilifanywa mkoa mwaka 2012, watu wameifuata dhahabu, nyumba zimejaa, na watoto wanapiga chandimu katikati ya njia, mmoja kawekwa zamu ya kupaza sauti pikipiki ikija. Kwetu Ngokolo kuna uwanja wa mtaa ambao mwezi huu umeota mawe ya mipaka. Wakubwa wamenyamaza, watoto wanaendelea kucheza katikati ya mawe hayo, na mengine wameyafanya goli.

Mkutano wa mtaa umepangwa kabla likizo haijaisha. Nitakwenda kwa miguu, nitaomba ramani ya mipango miji ifunguliwe mezani mbele ya wote, na nitauliza mawe yale ni ya nani.