Kuomba Fadhili na Kudai Haki

Wasomaji wetu, leo twataka kuwauliza swali moja. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, aendapo kwa mwalimu mkuu wa shule ya serikali kumtafutia mtoto wake nafasi, je, aenda kuomba fadhili au kudai haki? Wengi hudhani ya kuwa tofauti hiyo ni ya maneno tu. Sisi twaona ndiyo kiini cha jambo lote.

Aombaye fadhili hana neno akinyimwa. Akiambiwa, "Mrudishe nyumbani, uje mwakani," hushukuru na kuondoka. Mwakani naye huambiwa vivyo hivyo, hata umri wa kuanza shule ukampita mtoto. Nasi walimu hatuwezi kujitoa katika lawama hii, kwa maana wako miongoni mwetu waliosema maneno hayo, wakadhani wametenda kwa upole.

Zamani elimu ya watoto hawa ilitegemea fadhili. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1950, na kazi hiyo yastahili shukrani. Lakini mambo yamebadilika. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, iliyotungwa Tanzania mwaka 2010, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya elimu sawasawa na wengine, na kwamba mtoto apewe msaada umpasao katika masomo yake. Basi kilichokuwa zawadi sasa ni deni, na mwenye kudai deni lake hana haja ya kupiga magoti.

Labda mtu atasema, "Walimu ni wachache, na darasa limejaa. Huyu mmoja akiangaliwa zaidi, wengine watapunjwa." Neno hili si la uongo, twalijua kwa kazi yetu. Lakini upungufu ni wa shule nzima. Mbona alipe mtoto mmoja peke yake? Madawati yasipotosha, watoto husongamana. Hatumchagui mmoja tukamtoa nje. Tena mara nyingi kinachotakiwa ni kidogo. Mtoto mwenye ualbino, ambaye macho yake huona kwa shida, aketishwe karibu na ubao, mbali na jua kali. Asiyesikia vema aketi mahali aonapo uso wa mwalimu anaposema. Mwalimu atayajuaje haya asipoambiwa? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wengine husema kwamba kudai ni ukosefu wa adabu. Sivyo. Kudai si kugomba. Mzazi na aandike katika karatasi mambo ambayo mtoto wake aweza kuyafanya, yale yanayomshinda, na msaada anaoutaka. Naye abaki na nakala. Kama hajui kuandika, jirani amwandikie. Aende na mwenzake, aseme kwa utulivu. Asipopata jibu, apeleke neno lake kwa kamati ya shule, kisha kwa Afisa Elimu wa Kata, kisha wilayani. Mwenye kufuata njia hii hakumvunjia mtu heshima; amemsemea mtoto asiyeweza kujisemea.

Wala haki hii haikushuka yenyewe hata katika nchi tajiri. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walishirikiana katika chama chao, wakaenda mahakamani mwaka 1971, kwa sababu watoto wao walikataliwa shuleni. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya nchi nzima, nayo iliwapa wazazi nafasi katika mkutano unaopanga masomo ya mtoto. Mzazi mmoja angalisema peke yake, huenda asingalisikiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo jambo hili si la wazazi hao tu. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ulemavu hauchagui nyumba. Basi sisi tusio na mtoto wa namna hiyo, na tujiulize: mama huyo apitapo njiani kwenda shuleni, mtoto akiwa mgongoni, je, twamwonea huruma tu mlangoni petu, au twainuka na kumsindikiza?