Mwanangu, Mboga ya Kesho Huwekwa Leo Usiku

Mwanangu, najua unavyoishi siku hizi. Unatoka kazini jua limeshazama. Unasimama kwenye daladala kutoka Kariakoo mpaka Gongo la Mboto. Ukifika una njaa, na jiko bado halijawashwa. Gengeni umenunua fungu zima la mchicha, maana hakuna anayeuza nusu fungu. Unapika lote, unakula unachoweza, unafunika sufuria, unalala. Asubuhi unafunua, harufu imegeuka, unamwaga. Jioni unanunua fungu jingine.

Sikugombezi. Nataka tu tukae tuliongee hili kidogo, maana pesa yako naiona inavyokwenda, na mkulima aliyeumwagilia ule mchicha namwonea huruma pia.

Mboga unayoimwaga asubuhi imeharibika usiku, wewe ukiwa umelala. Umeifunika ikiwa ya moto, ukaiacha palepale jikoni. Joto likashuka polepole, ikabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vijidudu hupenda vuguvugu kuliko kitu chochote. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Mimi nikiwa Dar es Salaam mwezi wa pili, hata hizo mbili huwa sizimalizi.

Nilipoolewa nilikuwa na haraka kama wewe. Nilikuwa natia tui la nazi kwenye sufuria nzima, nimalize nikapumzike. Tui ndilo huchacha kwanza, na likichacha mboga yote imekwenda nalo. Nilimwaga mchicha mwingi mno kabla mama mkwe hajanivuta pembeni. Hakupaza sauti. Alisema, kaanga mboga yako na kitunguu na nyanya, teka ya kesho uiweke kando, halafu tui litie kwenye hii tutakayokula sasa. Ni hilo tu, na mpaka leo nafanya hivyo.

Hiyo uliyoitenga usiiache kwenye sufuria. Imimine kwenye bakuli pana, iwe imetandazwa, isirundikane. Weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi, funika na kawa ili inzi wasitue na mvuke utoke. Ukimaliza kula na kuosha vyombo, itakuwa imepoa. Ifunike vizuri, itie kwenye friji, ule ndani ya siku mbili tatu. Na uangalie umeme wa LUKU kabla hujalala. Ukikatika, usifungue mlango wa friji kuchungulia. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi, ikifunguliwa baridi inakwenda zake.

Najua wengi wenu kwenye vyumba vya kupanga hamna friji. Basi mboga iliyobaki usiilaze na maji yake. Igeuze usiku uleule. Chukua mchicha kwa kiganja, ukamue juu ya bakuli mpaka yale maji ya kijani yaache kudondoka. Usiyamwage. Katakata majani madogo madogo, changanya na unga wa ngano na mafuta kidogo, kisha ukandie kwa maji yale uliyokamua. Onja kabla hujaongeza chumvi, mboga ilikwisha kutiwa chumvi yake. Unga utageuka rangi, utakuwa na madoa ya kijani, usiogope. Uache upumzike wakati unakoga. Sukuma chapati, kaanga kwenye chuma mpaka pande zote mbili zikauke vizuri. Ziache zipoe wazi, ndipo uzifunge kwenye kitambaa safi. Chapati kavu namna hiyo haiharibiki upesi kama mboga yenye maji, asubuhi unainywea chai ya tangawizi kabla ya kupanda gari.

Kabeji iliyobaki ipigie mayai mawili. Maharage yaponde na viazi vya kuchemsha, ufinyange, ukaange. Hayo utayajua mwenyewe ukishazoea.

Lakini kisamvu, mwanangu, kisamvu ni habari nyingine. Hicho usikikimbize hata siku moja. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ndiyo maana tunayatwanga kwanza na kuyachemsha muda mrefu bila kifuniko. Kwa mkaa wa bei ya leo, kupika kisamvu cha mtu mmoja ni hasara. Pika kingi mwisho wa wiki, bila nazi. Kigawe kwenye vibakuli, ukigandishe kama wewe au jirani yako mnayo nafasi kwenye friza. Siku unayokitaka, toa kibakuli kimoja, kichemshe, tia karanga za kutwanga au tui. Na kwa ulimi wangu, kisamvu kilicholala kikapashwa kinazidi kile cha siku ya kwanza. Chumvi inakuwa imeingia.

Kupasha maana yake ni kuchemsha, mpaka mvuke upande na katikati pabubujike. Usile vuguvugu kwa sababu gari linakuacha. Tena pasha unachokula tu, si sufuria nzima kila mara.

Na kipo cha kumwaga. Mboga yenye utelezi usio wake, yenye povu, yenye uchachu, imwage, usiionee uchungu. Sisi tulilelewa tukiambiwa moto unaua kila kitu. Si kweli. Wali ukilala nje unaweza kuota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiukaanga upya. Kujibana kwa namna hiyo kutakupeleka zahanati, na huko utalipa zaidi ya bei ya mchicha.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lile lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024. Linasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Majumbani, mwanangu. Kwenye masufuria kama hilo lako.

Kwa hiyo leo ukirudi, hata ukiwa umechoka vipi, teka ya kesho kabla hujafungua nazi. Kama huna friji, kanda unga. Na ukikwama, nipigie. Hata ikiwa saa nne usiku nipigie tu, nitakuelekeza mpaka chapati zitoke.