Matanga ya Asiye na Kaburi

Mwaka 1873 maiti ya David Livingstone ilipitishwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mabegani mwa watu waliokuwa naye safarini. Susi na Chuma ndio walioongoza msafara ule. Wakaifikisha Bagamoyo, na Aprili 1874 ikazikwa Westminster Abbey, London. Katika njia ile ya misafara, kilomita 1,200 hivi kutoka Ujiji hadi pwani, ni vigumu kutaja msiba mwingine ulioangaliwa kwa heshima ya namna hiyo. Mateka walioishiwa nguvu wakiwa kwenye minyororo waliachwa pale walipoangukia. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshikwa na ndui katikati ya safari, na pembe za ndovu za wenyewe zikiwa mabegani, nao mara nyingi waliachwa hivyo hivyo. Hakuna aliyepeleka mwili kwao. Mara nyingi hakuna aliyepeleka hata habari.

Nimeanzia huko kwa kuwa nataka kusema juu ya ushairi na majeraha ya moyo, na hapa Gongoni (Gongoni ya Manispaa ya Tabora, si ile ya karibu na Malindi) huwezi kusema juu ya majeraha ya moyo ukaiacha njia ile. Mji huu ulikua juu yake. Na kila zama ulipewa namna yake ya kuondokewa. Misafara ilipokwisha, reli ikafika mwaka 1912, ikaingia Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Vijana wakapanda treni kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wako waliorudi na blanketi, baiskeli na Kiswahili cha pwani. Wako ambao mpaka leo ukiwauliza wajukuu zao watakwambia, "Babu alikwenda mkonge," na sentensi ikaishia hapo. Siku hizi watu wanaondoka kwa basi na wanaacha namba ya simu, ambayo baada ya muda haipatikani.

Desturi zetu za msiba zinajua kumshughulikia mtu aliyekufa mbele ya macho yetu. Kuna kuosha, kuna kuzika, majirani wanakaa matanga, wanapika, wanalia, wanacheka kidogo pia, kisha siku inafika matanga yanaanuliwa na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ni utaratibu wenye hekima kubwa, maana unaipa huzuni mwanzo na mwisho. Lakini utaratibu huo hauanzi bila mwili, au bila habari. Aliyeondokewa na mtu kimya kimya, aliyeachwa mtoto mdogo kwa bibi bila maelezo, aliyefanyiwa jambo ambalo nyumbani halitajwi, huyo matanga yake hayakuanza. Na yasiyoanza hayaanuliwi. Ninavyoona mimi, hapo ndipo shairi lina kazi ambayo hakuna desturi nyingine iliyoikamata.

Lakini kazi hiyo linaifanyaje? Wanaosifu uandishi wa kujiponya husema sana kuhusu kumwaga: mwaga uchungu, toa yote, usibakishe. Sina uhakika kama kumwaga kunamponya mtu. Kulia tumelia. Kilicho tofauti katika shairi la Kiswahili ni kwamba halikubali kumwagiwa. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Jumla mizani 64. Uchungu wa miaka thelathini unaambiwa uingie mle, usipungue wala kuzidi, na juu ya hayo uwe na vina.

Tuchukue mtu ambaye baba yake aliondoka usiku akawahi treni ya Kigoma, asirudi tena. Akianza na "huzuni yangu ni kubwa" hajasema kitu, na atalijua hilo mwenyewe baada ya mishororo miwili, kwa sababu hana pa kwenda. Akilazimika kutafuta kilichotokea hasa, huenda akapata hivi:

Sikumwona akitoka, mlango haukufungwa

Mizani 16 hizo. Kilichokuwa wingu kichwani mwake sasa ni mlango uliobaki wazi, kitu kinachoweza kutazamwa. Ila sasa ameshajifunga: mshororo unaofuata lazima utao wake uishie kwa -ngwa, na maneno ya mwisho huo si mengi. Kupangwa, kutungwa, kupingwa, kuchongwa, kulengwa. Atayapitia moja moja kama mtu anayejaribu funguo, mpaka afike kwenye lile ambalo hakuwa amepanga kulisema:

Nikabaki na mashaka, sikujua nimetengwa

"Nimetengwa" limeletwa na kina. Pengine kwa miaka mingi alikuwa akisema baba alikwenda kutafuta maisha. Kina hakijali heshima ya familia. Kinadai silabi yake tu, na katika kuitafuta mtu anakutana na neno aliloliepuka. Akili iliyoshughulika kuhesabu mizani inasahau kulinda mlango, na hapo ukweli unaingia.

Ni haki niseme pia kwamba kina ni mwongo mzuri. Vina vya -ni vinapatikana kwa urahisi: moyoni, kaburini, peponi, duniani, amani. Mtunzi mvivu atafika peponi kabla hajamaliza ubeti wa pili, akampatanisha baba na mama kwa kuwa tu "amani" imetimiza mizani. Mashairi ya namna hiyo ni mengi, yanasomwa kwenye misiba na watu wanaitikia vizuri, na aliyeyatunga anarudi nyumbani akiwa vile vile. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kutunga kwenyewe kunatosha. Anayetaka dawa akimbie kina chepesi.

Wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili, ingawa si kwa mashairi. James Pennebaker, Mmarekani, alichapisha pamoja na Sandra Beall mwaka 1986 matokeo ya jaribio lililowahusu wanafunzi wa chuo. Baadhi yao waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Miezi iliyofuata, wale walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandikishwa mambo ya kawaida. Mambo yote mawili ni ya kukumbuka. Anayeanza kuandika leo akidhani kesho atakuwa mwepesi atatupa daftari siku ya pili.

Wanafunzi wale hawakumwandikia mtu. Washairi wetu wamezoea kumwandikia mtu. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipotunga utendi wake karibu na mwaka 1858, na alimsemesha binti yake, si maradhi yake. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi akisema naye mwenyewe, na watoto waliobaki bila mama akawatungia tenzi za kuwausia. Hofu ya kufa na upweke wa mgane vilipata pa kwenda, vikawa usia. Nadhani hili ndilo fundisho la Kiswahili katika habari hii nzima: maumivu yanayosemwa kwa mtu hubadilika, yanayozungushwa ndani hubaki yalivyo.

Hata mshairi Abdilatif Abdalla, aliyewekwa peke yake gerezani, alikuwa na wa kumwambia. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake cha kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?*, akatoka 1972. Gerezani alitunga kwa siri juu ya karatasi za chooni. *Sauti ya Dhiki* ilitoka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, kituko kwa kweli, ukifikiria jina la tuzo na jina la rais aliyekuwa madarakani alipofungwa. Ukisoma diwani ile hukuti mtu aliyejifungia na kidonda chake. Unakuta mtu anayebishana, anayeuliza, anayekataa kunyamaza. Kufungwa kulikusudiwa kumnyang'anya wasikilizaji; kwa mizani na vina akawatengenezea mahali pa kumsubiri.

Kuna ambayo shairi haliyawezi. Haliwezi kukesha na mtu. Anayeogopa usiku kwa sababu ya aliyotendewa, anayetamani kufa, huyo asipewe kalamu akaachwa chumbani. Aandamane na mtu mpaka hospitali ya Kitete akaonwe na daktari, na kalamu itakuja baadaye. Wala hakuna deni la kutangaza. Binti aliyeharibiwa utotoni hawajibiki kuwapa majirani ushahidi kwa vina ili wao wapate kuguswa. Shairi lake ni lake, hata likikaa chini ya godoro maisha yake yote.

Kwa anayeweza kulitoa, zipo njia zetu za zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na Radio Tanzania ilikuwa na Malenga Wetu. Watu ambao hawakupata kuonana waliulizana na kujibizana kwa beti kutoka mji hadi mji. Mtunzi akifika tamati hutaja jina lake na mahali alipo, ili anayetaka kumjibu ajue pa kumpata. Mtoto wa aliyeondoka akiandika "nipo Gongoni Tabora" ametimiza mizani nane, na ameyasema ambayo hakuna aliyemsemea baba yake wala babu yake aliyepotelea mkonge: yupo, na mahali alipo panajulikana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una msiba ambao haukupata matanga, anza na kitu kimoja ulichokiona kwa macho siku ile, uache neno huzuni mpaka likutafute lenyewe. Hesabu mizani kwa vidole. Kina kikikupeleka mahali usipopapenda, usikibadilishe upesi. Ukimaliza, usikimbilie kulirusha shairi lako kwenye simu za watu. Kama una mtu aliyemfahamu yule aliyeondoka, shangazi, mjomba, jirani wa zamani aliye hai bado, mwombe nafasi jioni moja, umsomee, kisha umwachie yeye zamu ya kusema. Na ufanye hivyo mapema, kwa sababu wazee wanaowakumbuka walioondoka kwa treni zile wamebaki wachache.